Pampu ya Petroli Ikifa: Fikiri Kwanza, Nunua Baadaye



Wasomaji wapenzi, wako wengi miongoni mwetu ambao riziki yao i juu ya gari kuukuu. Huyu anachukulia ndizi na muhogo kwenda sokoni, yule anabebea karafuu wakati wa msimu, na parokia nyingi zina gari moja la zamani lililokwisha kupeleka hospitali kina mama wa vizazi viwili. Gari kama hilo likisimama, nyumba nzima husimama nalo. Na mara nyingi kinachosimamisha ni kitu kidogo tu, ukubwa wake kama ngumi ya mtu: pampu ya petroli.

Leo nataka kuwaelezeni habari za pampu hiyo: kazi yake, jinsi ya kujua kama imekufa kweli, na jinsi ya kuibadili kwa fedha kidogo. Tena nitawaambieni upungufu wangu mwenyewe, maana karibu niunguze gari la Kanisa kwa tamaa ya kitu cha bure.

SAFARI ILIYOKATIKA

Alfajiri ya Jumamosi, tarehe 9 Machi 2024, juma la tatu la Kwaresima, niligongewa mlango. Baba mmoja kutoka kijiji cha upande wa Konde alikuja mbio kwa pikipiki. Mkewe alikuwa ameshikwa na uchungu tangu usiku, hawezi kupakiwa katika pikipiki, na mvua za kwanza za masika zimekwisha anza. Nikachukua Land Rover yetu ya petroli, ya aina ile iliyotengenezwa baina ya 1971 na 1985, tukaenda tukamchukua mama pamoja na shangazi yake, tukageuka kurudi hospitali ya Wete.

Tulipofika kwenye kilima, gari likaanza kukohoa. Nikakanyaga, likazidi kukohoa, kisha likazima. Nikawasha tena, likaenda hatua ishirini, likafa moja kwa moja. Mama analia nyuma, shangazi anamwombea, mumewe ananitazama. Mimi nimefungua boneti na tochi mkononi, naona petroli inadondoka tone kwa tone chini ya pampu, wala sijui la kufanya.

Mwenyezi Mungu ni mwema. Likapita gari la samaki likielekea mjini. Dereva wake, ndugu yetu Mwislamu, hakuuliza jambo wala malipo. Aliwashusha abiria wawili wa mbele, akampandisha mama, akaondoka. Mtoto alizaliwa hospitali saa mbili na nusu asubuhi, mtoto wa kike, mzima. Lakini toka siku ile nimejiuliza mara nyingi: na kama gari lile lisingepita?

Jumapili baada ya Misa baraza la walei likakaa. Gereji moja ilikuwa imetuambia pampu mpya pamoja na kazi ni shilingi 260,000. Mimi ndiye ninayeshika daftari la fedha, nikasema wazi kwamba hatuna. Mmoja akatoa shauri gari liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tukakubaliana kungoja siku kumi na tano tu.

PAMPU NI NINI?

Pikipiki nyingi tunazoziona vijijini hazina haja ya pampu, maana tangi liko juu ya injini, na petroli huteremka yenyewe. Katika gari mambo ni kinyume. Tangi liko chini, chini ya viti au nyuma kabisa, na kabureta iko juu ya injini. Petroli haipandi kilima kwa hiari yake. Sharti ivutwe.

Basi, katika magari ya zamani pampu hufungwa ubavuni mwa injini kwa nati au bolti mbili. Ndani yake mna kiwambo, ambacho mafundi hukiita dayaframu. Ni kama ngozi ya ngoma, ila imefanywa kwa kitambaa na mpira. Chini ya kiwambo mna springi, na mkono wa chuma unaoingia ndani ya injini. Injini ikizunguka, kemshafti husukuma mkono huo, nao huvuta kiwambo chini. Hapo petroli huvutwa kutoka tangini. Mkono ukiachiwa, springi hukisukuma kiwambo juu, na petroli huenda kwenye kabureta. Valvu mbili ndogo, kama milango inayofunguka upande mmoja tu, huizuia petroli isirudi ilikotoka. Ni sawasawa na mivukuto ya mhunzi, ila hii inavuta petroli badala ya upepo.

Tena tazameni busara ya waliobuni chombo hiki. Kabureta ikijaa, boya lake hufunga njia. Petroli haina pa kwenda, basi kiwambo hubaki chini na mkono huchezacheza bure mpaka kabureta ipungukiwe. Kwa hiyo nguvu ya pampu ni nguvu ya springi ile tu. Katika Land Rover kama yetu haizidi pauni mbili na nusu kwa kila inchi mraba. Likumbukeni neno hili, maana ndilo lililonitia mashakani baadaye.

Kiwambo huchakaa kwa miaka. Mpira hukauka na kupasuka, hasa gari likikaa muda mrefu bila kuendeshwa.

JE, NI PAMPU KWELI?

Watu wengi hutupa pampu nzima na kununua nyingine, kumbe ugonjwa ulikuwa pengine. Kabla ya kutoa hata senti moja, fuateni utaratibu huu.

Kwanza, pimeni petroli kwa kijiti kikavu ndani ya tangi. Msiiamini saa ya petroli katika gari kuukuu.

Pili, fungueni kifuniko cha tangi. Mkisikia hewa ikiingia kwa kishindo, na gari likawaka vizuri baada ya hapo, tundu la kupitisha hewa limeziba. Lisafisheni. Dawa yake ni bure.

Tatu, tazameni chujio, pamoja na bilauri ndogo ya kioo chini ya pampu, kama ipo. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo mtayaona yamekaa chini. Petroli inayouzwa katika chupa kando ya njia mara nyingine huwa na maji na taka.

Nne, kagueni mipira ya petroli kutoka tangini mpaka kwenye pampu. Mpira uliopasuka upande huu haudondoshi kitu wakati injini inafanya kazi, bali hufyonza hewa. Pampu ikivuta hewa haivuti petroli, nayo husingiziwa kufa.

Tano, kumbukeni joto. Siku ya jua kali, gari likiwa na mzigo mzito mlimani, petroli huweza kugeuka mvuke ndani ya bomba, na pampu haiwezi kuusukuma mvuke. Likikaa nusu saa likapoa, likawaka kama kwamba halikuwa na neno, basi huo ndio ugonjwa wake. Wekeni kitambaa chenye maji juu ya pampu, na bomba lisogezeni mbali na bomba la moshi.

Sita, ndipo mpime pampu yenyewe. Injini iwe imepoa kabisa. Chomoeni waya mwembamba unaoleta umeme kwenye koili ili pasiwe na cheche. Fungueni bomba linalokwenda kwenye kabureta, lielekezeni ndani ya chupa, na mtu mwingine azungushe injini kwa starta au kwa hendeli. Pampu nzima hutema petroli kwa vipindi, kwa nguvu. Kama haitemi kitu, au inachuruzika tu, pampu imechoka. Lakini ikitema vizuri na gari bado haliwaki, iacheni, mtafute ubaya katika kabureta au katika umeme wa plagi.

Iko dalili moja isiyodanganya. Chini ya mwili wa pampu pana kitundu kidogo. Petroli ikidondoka hapo, kiwambo kimepasuka. Ndiyo niliyoiona mimi kwa tochi yangu pale kilimani bila kuifahamu.

KITU CHA BURE

Sasa nikiri kosa langu. Jumatatu kijana mmoja aliniletea pampu ya umeme aliyoitoa katika gari dogo la kisasa lililopata ajali. Akasema, "Chukua tu, karani, sitaki fedha." Nilifurahi sana. Tukaifunga kwa waya na mipira, tukageuza ufunguo, injini ikawaka. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Hazikupita dakika mbili. Fundi wetu mmoja, mzee wa miaka sabini aliyejifunza kazi kwa malori ya zamani ya karafuu, alikuwa akipita kwenda nyumbani. Akanusa, akatupa mkoba wake chini.

"Zima! Zima hapo!"

Nikazima. Petroli ilikuwa ikifurika kutoka kwenye kabureta na kumwagika karibu na bomba la moshi lililokwisha anza kupata moto.

"Shikamoo, mzee," nikasema, nikitetemeka.

"Marahaba, mwanangu. Nani aliyekutia akili hii?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Pampu hii ni ya gari lisilo na kabureta. Inasukuma pauni thelathini na tano na zaidi. Kabureta yako imezoea pauni mbili. Ni kama kumnywesha mtoto mchanga kwa mpira wa kuzimia moto. Rahisi huvunja upishi, mwanangu, na hii ingevunja na mpishi."

Neno hilo sijalisahau.

NJIA TATU, NA BEI ZAKE

Mzee alinionyesha kwamba mwenye gari kuukuu ana njia tatu.

Njia ya kwanza ni kubadili kiwambo na valvu tu. Vitu hivi huuzwa pamoja katika pakiti ndogo, pamoja na gasketi. Hii ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote, nayo yafaa ikiwa mwili wa pampu ni mzima na umefungwa kwa skrubu. Pampu nyingine zimebanwa kiwandani, hazifunguki. Hizo hazina dawa ila kubadilishwa.

Njia ya pili ni kununua pampu nzima ya aina ileile. Hapa ni kujihadhari. Pelekeni ya zamani mkononi, mkalinganishe urefu na mpindo wa mkono wa chuma, nafasi ya matundu ya bolti, na mahali petroli inapoingia na inapotokea. Mkono ukizidi kidogo huvunjika, ukipungua hauvuti. Peugeot 404 na 504, Corolla za zamani na pikapu nyingi za zamani za petroli zina pampu za namna hii, lakini kila moja ina mkono wake.

Njia ya tatu ni pampu ya umeme, lakini ile ya kabureta, isiyopita pauni tatu au nne. Yafaa pale ambapo pampu ya asili haipatikani tena. Nitaisema baadaye kidogo.

Sisi tuliifuata njia ya kwanza. Tuliagiza pakiti kutoka Dar es Salaam, ikaja kwa meli mpaka Mkoani, na dereva mmoja akatuletea Wete. Ilichukua siku saba. Wakati huo mwezi wa Ramadhani ulikuwa umeanza, na sisi tumo katika Kwaresima. Basi, siku ya kazi, fundi na karani wote walikuwa wamefunga.

KAZI YENYEWE

Hii ni kazi ya saa mbili au tatu. Yahitaji spana chache, bisibisi, brashi, kisu butu, vitambaa safi na moyo wa subira.

1. Wekeni gari mahali tambarare, nje, penye upepo. Zuieni magurudumu kwa mawe. Injini iwe imepoa. Ondoeni waya wa betri unaofungwa kwenye bodi. Pasiwepo sigara, kibatari, wala jiko la mkaa karibu, na watoto wakae mbali. Wekeni debe la mchanga mkavu karibu nanyi, wala msitumie maji kuzimia moto wa petroli, maana petroli huelea juu ya maji na kueneza moto.

2. Safisheni pampu kwa nje kabla ya kufungua kitu. Chembe moja ya mchanga ikiingia kwenye valvu huharibu kazi yote.

3. Fungueni mabomba mawili, mkitia alama lipi linaloingia na lipi linalotoka. Lile la tangini lizibeni, petroli isimwagike.

4. Fungueni nati mbili, mtoe pampu polepole. Kwangueni gasketi kuukuu kwa kisu butu, mkiziba tundu kwa kitambaa ili uchafu usianguke ndani ya injini. Kitambaa hicho msikisahau humo.

5. Kabla ya kutenganisha pampu, chorеni mstari mmoja kwa tupa ukipita sehemu ya juu na ya chini. Siku ya kufunga, mistari ikutane. Kisha fungueni skrubu za pembeni.

6. Toeni kiwambo. Katika pampu kama yetu hukibonyeza na kukizungusha robo ya mzunguko, nacho huachia ndoano yake. Angalieni valvu zimekaaje, moja imeelekea juu na moja chini, nanyi mtie mpya kwa namna ileile. Mtu akizigeuza, pampu haitavuta kamwe.

7. Tieni kiwambo kipya. Hapa pana siri ambayo wengi hawaijui. Msikaze skrubu kwanza. Zishikizeni kidogo, kisha usukumeni mkono wa chuma mpaka mwisho wake, kiwambo kishuke chini kabisa, ndipo mkaze skrubu moja huku, nyingine ng'ambo, kidogo kidogo. Mkikaza kiwambo kikiwa juu, kitavutwa kupita kiasi kila mara, na baada ya muda mfupi kitapasuka tena.

8. Jaribuni kwa mkono. Zibeni kwa kidole tundu la kuingilia, mchezeshe mkono wa chuma. Kidole kifyonzwe, na mfyonzo ukae kwa muda. Ikiwa hakuna mfyonzo, fungueni mtazame tena; ni afadhali kufungua mezani kuliko njiani.

9. Kabla ya kurudisha pampu, zungusheni injini kwa hendeli mpaka sehemu ya kemshafti inayosukuma mkono iwe imegeukia upande wa pili. Tieni gasketi mpya ya unene uleule. Ingizeni mkono ukae juu ya mahali pake barabara. Kama pampu inakataa kukaa, msiivute kwa bolti kwa nguvu. Itoeni, mzungushe injini kidogo, mjaribu tena. Mikono mingi mipya imevunjwa kwa haraka ya saa hii.

10. Rudisheni mabomba, mipira iliyopasuka ibadilishwe, na klipu zikazwe. Kama pampu ina kijiti cha kupampia kwa mkono, pampieni mpaka kabureta ijae. Pangusheni petroli yote iliyomwagika, ngojeni harufu iondoke, kisha rudisheni waya wa betri na kuwasha. Tazameni kwa dakika kumi kama pana tone popote.

Tulipofika kwenye kufungua bomba la tangini, mimi, kwa mazoea, niliinama nipate kufyonza petroli kwa mdomo. Mzee akanishika bega. "Yakhe, wewe umefunga na mimi nimefunga. Lakini hata siku ya Iddi usifanye hivyo." Ana haki. Petroli ikipotea njia ikaingia katika mapafu, hata kiasi kidogo, huleta ugonjwa mkubwa wa kifua na yaweza kuua. Aliyeimeza asitapishwe, maana kutapika huirudisha njia ya mapafu. Apelekwe hospitali mara moja.

USISAHAU OILI

Jambo hili limewaharibia wengi injini zao. Kiwambo kikipasuka, petroli haidondoki nje tu. Nyingine huingia ndani ya injini na kuchanganyika na oili. Oili huwa nyepesi kama maji, haiwezi tena kulinda vyuma. Mtu hubadili pampu kwa fedha kidogo, akafurahi, na baada ya juma moja injini hugonga na kufa.

Basi, vuteni kijiti cha kupimia oili. Kama kiasi kimepanda bila ninyi kuongeza, au kinanuka petroli, mwageni oili yote na kubadili chujio lake kabla ya kuwasha. Yetu ilinuka. Ilitubidi kununua lita 6 na zaidi kidogo. Iliniuma, lakini injini mpya ingetuuma zaidi. Na oili iliyomwagwa msiitupe kisimani wala mtaroni; ikusanyeni katika dumu.

ANAYETAKA PAMPU YA UMEME

Ikiwa hapana budi, mambo ni haya. Pampu ifungwe karibu na tangi na chini, kwa sababu pampu za namna hii zina nguvu ya kusukuma kuliko ya kuvuta. Chujio litangulie mbele yake. Waya wake upitie kwenye fyuzi, tena kwenye swichi inayotazama nguvu ya oili, ili injini ikizima, kwa mfano katika ajali, pampu nayo isimame isiendelee kumwaga petroli. Tundu la pampu ya zamani lizibwe kwa bati nene na gasketi, la sivyo oili itaruka nje. Na wenye magari ya zamani sana waangalie kwanza betri: katika baadhi yake upande wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi, na pampu nyingine huungua zikifungwa kinyume.

Wako pia wanaotundika dumu la petroli juu ya gari na kuiteremsha kwa mpira, wakisema mbona pikipiki yaenda hivyo. Dumu la plastiki si tangi la pikipiki. Likianguka au mpira ukichomoka, petroli humwagika juu ya injini ya moto, na watu wamo ndani. Msifanye, hata kwa safari ya karibu. Na wenye magari ya dizeli wasiyachukue maneno haya. Pampu zao zina mambo mengine kabisa.

HESABU YETU

Karani hawezi kumaliza bila hesabu. Pakiti ya kiwambo na valvu, shilingi 38,000. Kuisafirisha, 6,000. Mipira na klipu, 9,000. Ujira wa fundi, 30,000, naye alitaka kuchukua kidogo zaidi ya hapo tukakataa, kwa kuwa mfanya kazi astahili ujira wake. Jumla ya pampu, 83,000. Oili na chujio lake, 63,000. Yote pamoja ni shilingi 146,000. Kwa bei ya gereji tungalilipa 260,000, na oili ile ile juu yake, yaani 323,000. Parokia ilibakiwa na 177,000, na gari halikwenda kwa wanunuzi wa chuma.

Ndugu wasomaji, marehemu Papa Fransisko katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015 alitukemea sana kwa desturi ya kutumia na kutupa. Sisi wa vijijini tulidhani neno hilo ni la matajiri wa Ulaya. Kumbe nasi tulikuwa karibu kulitupa gari zima kwa ajili ya kipande cha mpira kisichopita kiganja. Lakini nilijifunza na upande wa pili: kutunza fedha si kuokota cha bure na kukifunga popote. Akiba ya kweli ni kujua ugonjwa kwanza, kununua kile tu kinachohitajiwa, na kumwita anayejua kazi.

Kwa hiyo wenye magari, fanyeni jambo moja juma hili. Siku moja asubuhi kabla ya kuwasha, piteni kidole chini ya kile kitundu cha pampu, na mnuse kijiti cha oili. Ni kazi ya dakika tano. Mkiona unyevu, agizeni pakiti mapema, msingoje kilima na usiku na mgonjwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Jumapili ya Matawi, tarehe 24 Machi, Land Rover yetu iliteremka kutoka kijiji kile cha upande wa Konde ikiwa imejaa waamini na matawi yao. Katika kiti cha mbele alikaa mama yule na binti yake mchanga. Kilima kile tulikipanda bila kukohoa. Fundi mzee alikuwa amekaa barazani kwake tulipopita, akainua mkono, akasikiliza injini mpaka tukapotea machoni pake.